Sikumwaga Hata Tone

Shuleni, Nyeri
Jumatatu, 3 Machi 2025

Dilini rafiki yangu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua ya kirafiki huanza kwa salamu na hali ya hewa. Salamu ninazo nyingi. Hali ya hewa ni baridi asubuhi na jua kali mchana, na mlima umeonekana siku tatu mfululizo. Ninakuandikia kwa sababu simu ni marufuku hapa, na pia kwa sababu tukiongea kwa simu huwa nasema "niko sawa" halafu nanyamaza. Kwenye karatasi sinyamazi sana.

Jana nimetoka nyumbani Skuta, tulikuwa na mapumziko ya katikati ya muhula. Nyanya yako hajambo. Tangu mhamie Kanada Septemba, mama humwangalia kama mlivyokubaliana: asubuhi anampelekea chai, jioni anamuuliza kama karatasi zake za safari zimetoka. Bado hazijatoka. Theuri, yule anayetunza ploti yetu ya nyumba za kupanga, siku hizi anamwita Achchi kama sisi. Anafikiri ni jina lake. Sikumwambia kwamba kwa Kisinhala ni "nyanya" tu, kwa hivyo mzee wa miaka sitini anamwita nyanya na hajui.

Maua meupe ya kuweka mbele ya Buddha bado yanamsumbua. Mzee Mutahi, mwenye kahawa nyuma ya ploti, amekataa kabisa maua yake yasichumwe. Anasema kila ua ni punje. Kwa hivyo Achchi anangoja mvua, kahawa ichanue, aokote yaliyoanguka. Anasema yananukia kama yale ya kwao.

Jumamosi nilikaa mlangoni pake na kitabu changu akikariri yale mambo matano ya kujizuia. Alipomaliza nilimwambia ninalipenda la nne, la kutosema uongo. Akanitazama, akasema: "Hii ya nne, Kaari, wewe hapana shida. Wewe hapana sema kitu." Nilicheka mpaka mama akatoka nje kuangalia.

Maji bado yanakuja Jumanne na Ijumaa pekee. Mama anaosha mboga, maji hayo yanaosha vyombo, halafu yanapiga deki, halafu yanaenda chooni. Anasema yakifika chooni yamesoma hadi chuo kikuu.

Wako,
Kaari


Brampton, Kanada
20 Machi 2025

Kaari, mtu wa maktaba,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye ngazi za shule na soksi mbili kila mguu. Huku hakuna mtu wa kuongea na yeye Kiswahili. Juzi nilimwambia paka "kuja hapa" na akakuja, nikakaribia kulia.

Mara ya mwisho kwa simu ulitaka kujua kuhusu hekalu. Sahau picha za vitabu vyako. Ni ghala, katikati ya duka la matairi na watu wa kutengeneza milango. Ndani kumepakwa rangi ya manjano na kuna zulia. Watawa wanavaa yale mashuka yao ya rangi ya machungwa, halafu juu jaketi kubwa nyeusi, halafu kofia ya sufu. Siku ya mwezi mpevu, ile Achchi alikuwa anavaa nyeupe na kufunga, huku imehamishwa hadi Jumapili kwa sababu watu wako kazini. Baba anasema mwezi wa Kanada hupevuka wikendi.

Wasichana wa huku wamezaliwa huku, na wanajua maneno yote ya sala kwa Kipali kwa sababu wako na darasa, wanasoma kwa skrini. Mimi nafungua mdomo tu. Dini yangu nilijifunza kwa kumwangalia Achchi kule Skuta, na sikumwangalia vizuri, nilikuwa naangalia simu. Alikuwa anasema siku akifa mjukuu ndiye atamwaga maji ya siku ya saba. Nilikuwa namwambia aache hizo hadithi. Sasa naona hata sijui yanamwagwa aje. Akikuja atanifundisha polepole.

Mitihani yangu ya mwisho inaisha tarehe 20 Juni. Ikiharibika, chuo hakuna. Niombee kwa njia yoyote uliyo nayo. Na umwambie Achchi nimekula wali leo.

Dilini

N.B. Salimia mwalimu anayefungua barua zenu kabla nyinyi mzione.


Skuta, Nyeri
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

(Barua hii sikuituma. – K.)

Dilini,

Achchi amefariki.

Nimeandika hivyo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitashindwa. Ilikuwa Jumatano, tarehe 9, siku tano baada ya sisi kufunga shule. Mama alimpelekea chai akamkuta ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, amegeukia sanamu, mikono mapajani. Daktari alisema ni moyo. Mama aliirudisha ile chai nyumbani na hakuweza kuimwaga. Ilikaa juu ya meza mpaka jioni.

Baba yako alifika Ijumaa. Alimpeleka Nairobi, wakamchoma siku ya Jumamosi kama mnavyofanya. Mama alienda naye. Kwao Chuka watu huzikwa, na aliporudi alisema jambo moja tu, kwamba hakujua pa kuelekeza macho.

Jumanne ilikuwa siku ya saba. Baba yako alisema chakula hupewa watawa, na wao husoma, ili wema huo umfikie aliyekufa. Mtawa aliye karibu yuko Nairobi, na ana watu wengi wa kuzika na kuombea, hakuweza kuja. Basi baba yako alipika wali na dengu kwa sufuria za mama, wakapelekewa watoto wa nyumba ya mayatima, na mtawa akasoma kwa simu. Tulikuwa wanne: baba yako, mama, Theuri na mimi. Mzee Mutahi alikuja baadaye. Dilini, alikuwa amebeba tawi zima la kahawa, limechanua kuanzia juu hadi chini, amelikata na panga. Aliliweka mbele ya picha ya Achchi, akasema, "Ningejua, ningempatia mapema," akatoka.

Baba yako alishika simu kwa mikono miwili kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Akaniita. Alisema wewe ndiye ulipaswa kufanya, lakini hauko, na Achchi alinipenda. Akanipa lile birika dogo la shaba, kikombe kikiwa ndani ya sinia. "Mwaga maji, Kaari," akasema. Unajua Kiswahili chake. Nilielewa alitaka kusema nimimine. Kumwaga ni kupoteza, kumimina ni kutia. Nilimimina polepole huku mtawa akisoma. Maji yalipofika ukingoni kabisa nikasimama hapo hapo. Sikumwaga hata tone. Baba yako alikuwa amefumba macho. Nilifurahi kwamba angalau hilo nilikufanyia vizuri.

Juzi aliondoka na majivu kwenda kwao Kandy, kwa dada ya Achchi. Kabla ya kuondoka aliketi kwetu akatuomba tusikuambie mpaka umalize mitihani. Wewe unajua tu kwamba alikuja kumpeleka nyumbani kutembea, mahali ambapo simu haishiki vizuri. Nilimwangalia mama nikitumaini atakataa. Mama alisema, "Hata hapa kwetu mtoto wa mtihani haambiwi." Akanigeukia akasema kwamba hata yeye nikiwa Kidato cha Nne asingeniambia.

Sijui nitakuandikia nini sasa.

Kaari


Skuta, Nyeri
20 Aprili 2025

Dilini rafiki yangu,

Natumaini masomo yanaendelea. Mvua imeanza na kahawa ya Mzee Mutahi imechanua. Nyumba yote inanukia.

Baba yako alikuja, akaondoka naye kwenda kwao. Nyumba yenu imefungwa na Theuri ana ufunguo. Birika la shaba ametuachia sisi. Mama hanipi simu siku hizi, kwa hivyo ukipiga usinisubiri.

Ninakuombea kila siku, kwa njia niliyo nayo.

Kaari


Brampton
18 Mei 2025

Kaari,

Barua yako ilikuwa fupi kama ya benki. Umekasirika? Ama ni huzuni kwamba Achchi amekuacha peke yako na mama yako na mitungi? Pole. Lakini hata mimi nina wivu. Yuko Kandy kwa dadake, anakula maembe, na mimi niko hapa na hesabu. Nimemwandikia kadi. Baba amesema ataituma.

Baba amerudi akiwa mnyamavu. Ameweka picha ya Achchi karibu na Buddha, na anakaa hapo mbele asubuhi kabla ya kazi. Nikamuuliza, akasema anamkosa. Mwanaume mzima, na mamake ameenda tu kutembea.

Sasa nikuambie. Jumapili nimeona yale maji. Kuna mama mmoja hapa aliyefiwa na mumewe, ilikuwa miezi mitatu, wakaleta chakula cha watawa. Watoto wake wote wakashika birika moja, hata yule mdogo akashika mkono wa dadake. Wakamimina, kikombe kikajaa, na hawakusimama. Maji yakapita juu ya kikombe yakaingia kwenye sinia, sinia nayo ikajaa, yakaenda hadi kwenye zulia. Wazee wakakuja kugusa yale maji. Nilimuuliza mtawa mdogo kwa nini wanaharibu zulia. Akacheka, akasema lazima yafurike, ndiyo maana yake yote. Kama maji ya mlimani yanavyoteremka yafike kwa walio chini, ndivyo wema unamfikia aliyekufa. Kikombe kikijaa tu na kubaki, ni kama barua umeandika vizuri na hukuituma.

Nilikufikiria, kwa sababu ya mlima. Na kwa sababu mama yako angezimia akiona maji yote hayo.

Nikimaliza mitihani ninaenda Kandy, nimeambia baba. Hakusema hapana. Achchi atanifundisha mwenyewe. Usimwambie mtu, lakini nimeanza kufanya mazoezi na kikombe cha chai kwenye sinki.

Dilini


Brampton
23 Juni 2025

Kaari,

Waliniambia Ijumaa, nimetoka chumba cha mtihani, hata sijavua begi.

Kadi yangu ilikuwa kwenye droo ya baba.

Nimetoa barua yako ya Aprili. "Baba yako alikuja, akaondoka naye kwenda kwao." Nimeisoma labda mara hamsini. Ni kweli yote. Hakuna neno la uongo hapo, wewe ni mtu wa vitabu, ulipanga. Wazazi wangu walinidanganya kama wazazi. Wewe ulinidanganya kwa sarufi.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ya saba, nani alimwaga maji? Baba anasema ni wewe. Nataka uniambie wewe.

D.


Shuleni, Nyeri
Jumamosi, 12 Julai 2025

Dilini,

Ni mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Niliiandika Pasaka, siku ile ile ya ile fupi. Nimeibeba kati ya kurasa za kamusi tangu wakati huo. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Sasa umejua pia jambo ambalo baba yako hajui. Barua yako ya Mei ilinifikia siku ya Jumatano, wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilipofika mahali maji yanapita juu ya kikombe, nilikaa chini kwenye nyasi. Msichana aliniuliza kama nimefiwa. Nilisema hapana, na huo ndio uongo wangu wa kwanza wa wazi.

Nilisimama ukingoni, Dilini. Baba yako alisema "mwaga" na mimi, kwa sababu ninapata alama nzuri za Kiswahili, nikamsahihisha kichwani. Tangu nikiwa mdogo, maji yakimwagika kwetu mama huniita jina langu lote. Mikono yangu haijui kufanya kingine. Achchi alitaka kazi hiyo iwe yako, na nikaifanya kama mtu anayejaza mtungi.

Nimesoma kila kitabu cha dini kilicho kwenye maktaba yetu na hakuna kinachosema inakuwaje mtu akisimama ukingoni. Kuna kurasa mbili tu kuhusu dini yenu, na moja ni picha. Nimeogopa kwamba Achchi alingoja pale na hakuna kilichomfikia. Najua mama angesema niache mawazo hayo, sisi ni Wamethodisti. Lakini anayengoja si mimi, ni Achchi.

Kuhusu uongo, umesema kweli. Nilipomaliza ile barua fupi niliihesabu sentensi kwa sentensi ili nione kama kuna ya uongo, na sikuipata, nikajiona nimelinda lile jambo la nne. Achchi alidhani mtu asiyesema hana shida na hilo. Alikosea juu yangu. Ningeweza kukuandikia maneno mawili. Niliogopa utafeli, halafu iwe ni mimi. Na niliogopa baba yako na mama. Sikukuogopea wewe vya kutosha.

Sikuombi unijibu.

Kaari


Brampton
30 Julai 2025

Kaari,

Nimetuma hii kwa sanduku la mama yako kwa sababu ikifika mtakuwa mmefunga shule. Sipigi simu. Nikisikia sauti yako nitapiga kelele ama nitalia, na dakika zitaisha.

Bado nimekasirika. Nataka ujue hiyo haitaisha kwa sababu ya haya mengine.

Nilimsomea baba barua yako ya Pasaka. Nilimtafsiria sehemu zingine, ingawa anaelewa kuliko unavyofikiri. Tulipofika mahali pa tawi la kahawa akatoka chumbani. Akarudi. Akasema hakukosea neno. Alisema mwaga, na alitaka kusema mwaga. Halafu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Aprili. Akasema Achchi angekuambia kwamba wewe unaogopa hata kusumbua maji.

Tarehe 9 Julai, miezi mitatu, tulipeleka chakula hekaluni. Nilishika birika mimi. Nilimwaga mpaka duka la matairi wakakuja kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Kwa hivyo usifikirie sana, kuna kilichomfikia.

Lakini hakuwahi kuishi hapa. Hajui hii barabara. Alikuwa anangoja hapo Skuta, kwa kile kiti, na hapo ndipo alipoondokea. Nilimuuliza mtawa kama inaweza kurudiwa. Akasema huku watu wanahamisha mpaka mwezi, sembuse kikombe.

Birika liko kwenu. Fanya tena. Sina maneno ya Kipali ya kukutumia, nimejifunza machache na nayakosea. Sema jina lake tu. Anaitwa Somalatha. Nadhani hapo Skuta hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dilini


Skuta, Nyeri
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Dilini,

Nimefanya leo asubuhi. Kesho kutwa tunarudi shule, na nilitaka iwe kabla.

Nilianza kwa kumwambia mama, kwa sababu sitaki tena kufanya mambo kwa kunyamaza. Nilimwambia nilikosea Aprili, na kwamba ninahitaji maji ya kumwaga, si ya kutumia. Alikuwa anachambua mboga za terere. Aliendelea kuchambua. Maji yalikuwa yamekuja jana na tulikuwa na mitungi minne, lakini unajua mitungi minne kwetu ni mpaka Jumanne. Nikachukua nilichoweza, birika lenyewe tu na jagi moja.

Nyumba yenu ina watu wengine tangu Juni, mwalimu na mke wake. Sikutaka kuwasumbua, kwa hivyo nilikaa kwenye ngazi yetu, juu, ninapoweza kuona mlango wenu. Niliweka picha ya Achchi na maua ya viazi, kahawa haina maua sasa. Mzee Mutahi aliniona kupitia uzio, akavua kofia, akabaki amesimama.

Nikasema Somalatha. Sauti ilitoka ndogo. Nikasema tena.

Nilipofika ukingoni mkono ulisimama wenyewe. Kweli, Dilini, ulisimama, nikauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Nilihesabu mpaka tatu nikaendelea. Maji yakavimba juu ya kikombe, yakakaa hivyo kidogo, halafu yakapasuka upande mmoja yakaingia kwenye sinia. Birika likaisha. Nikamimina la jagi. Sinia ikajaa, na jagi nalo likaisha, na maji yakawa yamesimama kwenye ukingo wa sinia. Ukingoni tena. Nilianza kulia kwa sababu hakukuwa na mengine.

Nilisikia mama akitoka ndani. Nilijua ataniita jina langu lote. Alikuwa amebeba mtungi wa lita ishirini, ameukumbatia, terere bado limemshika vidole. Aliuinamisha kwenye sinia.

"Mimi sijui maombi yao," akasema. "Nilimpelekea chai, nikarudi nayo. Mwaga."

Tukaushika pamoja. Ulikuwa mzito na maji yalitoka kwa kishindo, yakaipita sinia, yakashuka ngazi moja baada ya nyingine. Theuri akapaza sauti kutoka chini: "Nani huyo anamwaga maji huko juu? Ati mmekuwa matajiri?"

Mama hakumwangalia. "Kuna mtu wetu amehama," akamwambia. "Tunamsindikiza."

Nikamsikia Theuri akisogeza ile mifuko ya makaa iliyokuwa kwenye njia ya maji.

Tulimwaga mpaka mtungi ukawa mwepesi. Maji yakateremka, yakapita uani, yakafika mlangoni kwenu pale alipokuwa anaweka kiti, yakakaa kidogo, yakaendelea chini kuelekea barabarani. Mama alirudi kwa mboga zake. Mimi nilibaki kwenye ngazi mpaka saruji ikakauka.

Najua bado umekasirika. Ukiwa tayari, uniandikie hata mstari mmoja.

Kaari